Kusifu Kikomo

Fyuzi ya kioo iliyoandikwa ampea 1 haikatiki ikipitisha ampea 1, na hilo halimshangazi mtu. La kushangaza ni kwamba haikatiki hata kwa ampea 1.5. Kanuni ya kimataifa ya fyuzi hizi ndogo, IEC 60127, inaitaka fyuzi ya kawaida ya aina ya haraka ivumilie mara moja na nusu ya kipimo chake kwa saa nzima. Mkondo ukipanda hadi mara 2.1, bado inaruhusiwa kukaa nusu saa kabla ya kuungua. Ni mpaka mkondo ufike mara 10 ndipo inapotakiwa iwe imekatika ndani ya milisekunde 20. Waya ule haujui hesabu, unajua joto tu. Mwaka 1847 Louis Breguet, wa ukoo wa watengeneza saa wa Paris, alipendekeza waya mwembamba uwekwe kwenye njia za telegrafu ili uyeyuke radi ikipiga na kuokoa kituo. Kazi iliyokusudiwa ilikuwa hiyo: kufa mbele ya balaa kubwa. Kuutaka upime wati kwa uangalifu ni kuuonea.

Hapa Lubumbashi fyuzi ina adui mwingine tena, naye ni shaba. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na mpaka leo kipande cha waya hakikosekani katika nyumba yoyote, iwe katika komuni ya Katuba, ya Kenya au ya Kamalondo. Fyuzi ikiungua usiku, nani atatembea kutafuta duka? Mtu anachuna uzi mmoja kutoka waya wa taa, anauzungusha kwenye vichwa viwili vya fyuzi iliyokufa, taa inawaka, watoto wanapiga makofi. Uzi wa shaba wa unene wa milimita 0.2, ukiukadiria kwa kanuni ya William Preece, mhandisi wa telegrafu wa posta ya Uingereza katika karne ya 19, unahitaji takribani ampea 7 ndipo uyeyuke. Mahali palipopangiwa ampea 1 sasa panalindwa na ampea 7. Sisemi haya kwa kucheka watu. Penye giza, aliyeleta mwanga ana haki yake. Ila nimeona meza zilizoungua pembeni, na plastiki iliyochuruzika kama nta, na najua ni uzi gani uliofanya kazi hiyo.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni mdogo kwa umbo, wala hauna jina linalotamkwa sokoni. Ni ufundi wa kuweka kikomo cha nguvu kwa chipu ya fyuzi ya elektroniki: kuchagua chipu, kuchagua resista inayoiambia iache wapi, kuilehemu, kuijaribu, kisha kuthubutu kuandika juu ya kisanduku, "wati 15," na maandishi hayo yawe kweli.

Kwanza chipu yenyewe. Nyingi ni mraba wa milimita 3 kwa 3, zimejaa ndani ya diski za kompyuta na mitambo ya seva, na fundi mwenye macho huziokota kwenye bodi zilizokufa. Ndani yake kuna transista moja kubwa ambayo mkondo wote hupita. Lakini kubwa hiyo imeundwa kwa vichumba vingi mno vinavyofanana, na vichache kati yake vimetengwa kwa kazi ya kupima. Vichache hivyo hupitisha sehemu ndogo ya mkondo kwa uwiano unaojulikana. Sehemu hiyo inapelekwa kwenye resista ya nje, inazaa volteji, na volteji hiyo inalinganishwa na kipimo kisichobadilika kilichomo ndani ya chipu. Ikizidi, lango la transista linabanwa. Hakuna kinachoyeyuka. Kikomo kinakaa kwenye resista moja, na katika chipu nyingi resista ikiwa kubwa zaidi, mkondo unaoruhusiwa ni mdogo zaidi.

Kwa nini wati 15? Kwa sababu kanuni ya usalama wa vifaa vya elektroniki, IEC 62368-1, imeweka mstari hapo. Njia ya umeme ambayo, hata ikiharibika, haitoi zaidi ya wati 15 inapopimwa baada ya sekunde 3, inahesabiwa kuwa haina nguvu ya kutosha kuwasha moto kwa urahisi. Juu ya hapo, hadi wati 100, ni daraja jingine lenye masharti mengine: plastiki isiyoshika moto, nafasi kubwa zaidi, kifuniko kigumu zaidi. Mtengenezaji wa Ulaya anaupenda mstari huo kwa kuwa unampunguzia gharama za kisanduku. Mimi naupenda kwa sababu nyingine. Katika nyumba nyingi za Lushi, kama tunavyoiita Lubumbashi, tangu delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, ilipokuwa desturi, kuna betri ya volti 12 chini ya meza ya sebule, nayo inalisha ruta ya intaneti, taa mbili tatu, pengine na kamera ya mlangoni. Betri ya gari au ya sola, ikipigwa shoti, inatoa mamia ya ampea. Waya unaotoka hapo ni mwembamba, unapita nyuma ya pazia, chini ya zulia, karibu na madaftari ya watoto. Hapo ndipo wati 15 zina maana.

Sasa hesabu, nami nitakaa hapa kidogo, maana uzuri wenyewe umo humu. Tuseme volti ni 12 zisizotikisika. Wati 15 kwa volti 12 ni ampea 1.25: huo ndio ukuta. Ruta ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inataka wati 12, yaani ampea 1. Nafasi aliyo nayo fundi ni robo ampea. Akipata chipu ambayo mtengenezaji wake anakiri inaweza kukosea asilimia 20 juu au chini, hawezi kuilenga 1.25, kwa sababu iliyo mbaya zaidi mfukoni itaruhusu 1.5. Inambidi alenge 1.04, ili hata ile inayozidisha iishie 1.25. Lakini mwenzake inayopunja, kutoka mfuko uleule, itakata kwenye 0.83, sawa na wati 10, na ruta itazimika saa ileile nyumba nzima inapoihitaji. Akipata chipu ya asilimia 5, analenga 1.19. Inayozidisha inaishia 1.25, inayopunja inatoa 1.13, ambazo ni wati 13 na nusu. Ruta inaishi.

Ukuta haukusogea. Usalama ni uleule, wati 15 ni zilezile, na bado mwenye nyumba amepata wati 3 na nusu zaidi. Hazikutoka kwenye betri wala kwenye waya mnene zaidi. Zimetokana na fundi kujua kiasi cha kukosea kwake. Watu wengi wanadhani mtu wa vipimo ni mtu wa kubana, mchoyo wa milimita. Mimi naona kinyume: asiyejua kosa lake ndiye anayelazimika kunyima, kwa kuwa hofu yake haina mpaka. Anayelijua anaweza kutoa mpaka karibu na ukingo, na kulala.

Makosa nayo hayaji peke yake. Resista ya asilimia 1 inaleta lake. Joto chini ya mabati mwezi wa Oktoba, ukilinganisha na usiku wa Julai ambapo Lubumbashi, iliyo kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari, inatetemesha meno, linaibadilisha resista ya kawaida kwa nusu asilimia hivi. Jumlisha: 5 na 1 na nusu. Ile chipu inayopunja sasa inatoa wati 13.2 badala ya 13.6. Sehemu nne za kumi za wati zimekwenda kwa vitu ambavyo wengi hawavitaji. Halafu kuna mtego wa chipu kubwa. Fundi anayetaka "kitu imara" anachukua chipu ya ampea 10 kwa kazi ya ampea 1. Lakini kosa la asilimia 5 liliandikwa kwa mikondo mikubwa. Huku chini, mahali ishara ni ndogo, kosa lilelile la milivolti chache linageuka asilimia 15 au 20. Chipu ndogo iliyo karibu na kazi yake inapima vizuri kuliko jitu linalosinzia.

Na kuna kosa la mkono. Resista ya kikomo ina miguu miwili. Mmoja unakwenda kwenye chipu, mwingine ardhini. Ardhi gani? Ukiurudisha mguu huo kwenye njia ya shaba ambayo mzigo wenyewe unapitia, na njia hiyo ikiwa na miliohmu 10 tu, ampea 1.2 zitainua ardhi hiyo kwa milivolti 12. Chipu inayolinganisha na milivolti 600 imeshakosea asilimia 2, na kosa hilo halimo katika karatasi yoyote ya mtengenezaji. Fundi mzuri anauvutia mguu ule njia yake yenyewe, nyembamba, hadi kwenye pini ya ardhi ya chipu, bila kuchanganyika na mtu. Ukifungua kisanduku, angalia hapo kwanza. Utamjua aliyekitengeneza.

Yote hayo yalidhani volti ni 12. Betri ya nyumbani haina volti 12. Umeme unaporudi na chaja inaposukuma, inafika 14.4. Usiku wa pili bila umeme inashuka kuelekea 11. Kikomo cha ampea 1.25, kizuri kabisa katika hesabu ya juu, kinaruhusu wati 18 wakati wa kuchaji na wati 13.75 wakati wa njaa. Yaani kinalegea pale penye nguvu nyingi na kubana pale penye upungufu. Mbaya zaidi, ruta yenyewe ina kigeuzi ndani, na kigeuzi kinataka wati zilezile daima: volti zikishuka, kinavuta ampea zaidi ili kufidia. Mzigo unapanda wakati kikomo kimesimama. Ukitaka usizidi wati 15 kwenye volti 14.4, shusha ukuta hadi ampea 1.04, na kwa chipu ya asilimia 5 inayopunja, kwenye volti 11 utabaki na wati 10.4. Tumerudi kwenye ruta inayozimika.

Kikomo cha mkondo na kikomo cha nguvu ni vitu viwili, na Katanga, eneo letu hili la shaba, inalijua hilo kwa kiwango ambacho sehemu chache duniani zinalijua. Tangu mwaka 1982 umeme wa mabwawa ya Inga, kule karibu na mdomo wa mto Congo, unasafiri takribani kilomita 1,700 hadi Kolwezi kama mkondo mnyoofu, kwa volti laki tano juu ya sifuri katika waya mmoja na laki tano chini ya sifuri katika mwingine. Mradi ulipangwa kwa megawati 560. Gawanya kwa volti milioni moja: ampea 560. Stata ya lori kubwa la dizeli inaweza kuvuta mkondo kama huo likiwashwa asubuhi ya baridi. Nguvu ya kuendesha migodi na miji ilipangwa kupita katika mkondo wa stata, kwa sababu volti ni nyingi.  

Katika mitambo ya aina hiyo hakuna fyuzi inayoshika kikomo. Milango ya silikoni, thairista zilizopangwa kwa safu, ndiyo inayoamua kiasi gani kipite. Msimamizi anaagiza megawati. Mtambo unapima volti zilizopo, unagawanya megawati kwa volti hizo, na jibu linakuwa agizo la ampea. Volti zikipungua kidogo, ampea zinaongezwa kidogo, nguvu inabaki palepale. Lakini wahandisi waliona hatari mapema: volti zikiporomoka, kugawanya kwa namba inayokaribia sifuri kunazaa agizo la ampea zisizo na mwisho, na mtambo ungejiua kwa utii. Kwa hiyo chini ya kiwango fulani cha volti kanuni inapinduka: agizo la mkondo linashushwa badala ya kupandishwa, mpaka volti zirudi.

Fundi wa kisanduku cha ruta anafanya jambo hilohilo kwa sarafu ndogo. Katika baadhi ya chipu inatosha kuongeza resista moja kutoka upande wa betri hadi kwenye pini ya kikomo. Resista hiyo inapenyeza mkondo mdogo unaokua volti zinapokua, na kuidanganya chipu idhani mzigo ni mkubwa kuliko ulivyo. Betri ikipanda, kikomo kinashuka. Betri ikishuka, kikomo kinapanda. Anachagua resista mbili ili kwenye volti 14.4 kikomo kiwe ampea 1.04 na kwenye volti 11 kiwe 1.36. Ncha zote mbili ni wati 15. Na hapa ndipo mwanafunzi mwepesi anapoweka vifaa chini na kwenda kunywa chai. Mzoefu anajiuliza: je, katikati? Resista zinatoa mstari ulionyooka, lakini wati 15 zisizobadilika zinataka mstari uliopinda, na mstari mnyoofu unaounga ncha mbili za upinde huo unapita juu yake. Kwenye volti 12.7, katikati kabisa, kikomo ni ampea 1.20, na zao lake ni wati 15.24. Betri ya risasi iliyopumzika ikiwa imejaa hukaa hapohapo, karibu na volti 12.7. Kosa limejificha mahali betri inapopenda kukaa. Dawa ni kuushusha mstari wote kwa asilimia 2, na kuziachia ncha zipungukiwe kidogo. Napenda dawa hiyo. Inaacha upungufu mdogo pembeni kwa makusudi, ili katikati pawe pa kweli.

Chini ya volti 11 kanuni inapinduka, kama kwenye ule mtambo mkubwa. Chipu nyingi zina pini ya kusubiri volti: resista mbili zinaiambia isiwashe chini ya kiwango fulani. Watu huiona kama kinga ya betri, na kweli inamwokoa mwenye betri asiinyonye mpaka ife. Lakini pia ndiyo inayozuia ule mchezo wa njaa, wa volti kushuka na ampea kupanda na volti kushuka zaidi.

Umeme kurudi ni jambo lenye hatari zake, na kila mtu Lushi analijua bila kusoma. Mtaa umekaa gizani saa nyingi. Friji zote zimesimama, pasi ziko mezani, jiko la umeme liliachwa limewashwa. Umeme unarudi, watu wanashangilia, na kabla shangwe haijaisha kabine ya mtaa, ule mtambo wa kushusha volti kwa ajili ya nyumba zote za jirani, imelemewa na kukata. Ikiungua kabisa, wenye nyumba wa avenue nzima wataanza kuchangishana. Ndiyo maana mama mwenye busara utamsikia akimwambia kijana wake, "Mwanangu, acha kwanza, kuran itulie, frigo utaiwasha kisha." Chipu inafanya ustaarabu huo ndani ya milisekunde. Kapasita za ruta zikiwa tupu ni kama shoti kwa kitambo kifupi. Kapasita ya mikrofaradi 470 ikiunganishwa ghafla kwenye volti 12 inavuta makumi ya ampea; ikipandishwa polepole kwa milisekunde 10 inavuta 0.56 tu. Kapasita nyingine ndogo, ya nanofaradi chache, kwenye pini yake maalumu, ndiyo inayoamua mwendo huo. Ukiisahau, kikomo chako kizuri kitachukulia kila kuwasha kuwa ni ajali.

Kuhusu joto nitasema kwa ufupi. Chipu inapozuia haimezi hewa: nguvu inayoinyima ruta inabaki kwake. Shoti kamili kwenye volti 14.4, kikomo kikiwa ampea 1.04, ni wati 15 ndani ya mraba wa milimita 3. Inafika nyuzi 150 upesi mno na kujizima yenyewe. Kwa hiyo kikomo ni mahali pa kupita, si pa kuishi, na njia pekee ya kutokea kwa joto hilo ni shaba iliyo chini ya chipu. Utando wa shaba wa bodi ya kawaida una unene wa mikromita 35. Shaba ya Katanga inaondoka kwa malori kupitia Kasumbalesa ikiwa mabamba safi kwa asilimia 99.99, na ndani ya bodi za aina hii inarudi utando wa karibu nusu ya unene wa unywele. Fundi anayeacha eneo pana la utando huo chini ya chipu, na kulitoboa matundu ya kupitisha joto upande wa pili, ameelewa kuwa shaba ileile iliyokuwa adui wa fyuzi inaweza kuwa rafiki wa chipu.

Kujaribu kunahitaji mzigo, na mzigo wa elektroniki wa maabara una bei ya maabara. Kibanda cha mtaani kinajaribu kwa balbu za gari. Balbu za wati 5 zinafaa sana. Moja, mbili: njia inashika. Ya tatu inakufikisha wati 15 kwa jina, na hapo mita iwe imeshawekwa katika njia, kwa sababu wati za balbu ni za volti fulani, na kwenye 14.4 zinavuta zaidi ya zinavyosema. Balbu ina faida nyingine ambayo mzigo wa bei ghali hauna: uzi wake ukiwa baridi una ukinzani wa karibu sehemu ya kumi ya ule wa moto, hivyo kila ukiunganisha unajaribu na mshtuko wa kuwasha. Kisha balbu ya breki ya wati 21, ambayo lazima ikataliwe. Ikiwaka na kuendelea kuwaka kwa uzuri, kisanduku hakijaisha. Fundi makini anarudia yote hayo kwa volti 11, 12.7 na 14.4, anasoma mita sekunde 3 baada ya kuunganisha kama kanuni inavyotaka, na anafanya hivyo mara moja kisanduku kikiwa baridi, mara nyingine kikiwa kimeachwa juani.

Kuna uamuzi mmoja ambao hesabu haiutoi. Baada ya kukata, chipu ifanye nini? Zipo zinazojifunga mpaka mtu aje kuzima na kuwasha, na zipo zinazosubiri kidogo na kujaribu tena, na tena, bila kuchoka. Mafundi wanagombana juu ya hili, na nimesikia sababu nzuri pande zote. Kwa ruta ya sebuleni mimi nataka inayojifunga: kama waya umechubuka nyuma ya pazia, sitaki kitu kinachoupiga wati 15 kila baada ya muda usiku kucha wakati watu wamelala, na anayekuja kuwasha atalazimika kuinama na kuona. Kwa antena iliyo juu ya mlima njia ya Likasi, ambako mvua ikiingia kwenye plagi leo itakauka kesho, nataka inayojaribu tena, kwa kuwa kumpeleka mtu huko kwa pikipiki msimu wa mvua ni gharama na hatari kuliko cheche ndogo ndani ya kisanduku cha chuma. Kamera ya mlangoni bado inanigombanisha na fundi wangu. Yeye anasema mwizi atapiga shoti waya wa nje kwa makusudi, chipu itajifunga, na kamera itakuwa kipofu mpaka asubuhi. Mimi nasema basi kamera ipewe chipu yake peke yake, yenye kujaribu tena, na ruta ibaki na yake. Anauliza nani atalipia chipu ya pili.